Gari Halinunuliwi kwa Haya

Mpwa wangu ana duka la vitambaa mjini Nakuru. Mwaka juzi alinunua gari kwa shilingi 480,000 kutoka kwa mtu aliyekuwa akiswali naye safu moja. Gari lilikuwa jeupe, limesuguliwa likang'ara kama sahani ya Idi, na muuzaji mwenyewe alikuwa mtu wa maneno ya upole. Fedha zikatolewa, ufunguo ukapokewa, Fatiha ikasomwa. Hati ya gari, hiyo watu waiitayo logibuku, ingeletwa wiki ya pili.

Haikuletwa. Mwezi wa tatu walifika vijana wawili, wakalifunga gari mnyororo mbele ya duka na kulivuta, mchana kweupe, wateja wakitazama. Kumbe hati ilikuwa imewekwa rehani kwa mkopeshaji zamani, na mkopo haukulipwa.

Nilipomuuliza kwa nini hakuidai hati kabla ya kutoa fedha, alinijibu: "Mjomba, ningemwambiaje mtu niswaliye naye kwamba simwamini?"

Naam, msomaji wangu, hapo ndipo penye ugonjwa wetu watu wa pwani, tukae Mombasa, tukae Lamu, au tuhamie bara kutafuta riziki. Tumelelewa kwa haya, na haya ni pambo mbele ya wazee na mbele ya wakwe. Lakini tumeipeleka mpaka sokoni, tukaona kwamba kumwambia muuzaji afungue boneti ni kumvunjia heshima, na kumtaka aandike ni kumtukana. Mambo haya tumeyatoa wapi? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, ambayo chuoni ilinitoa jasho kwa urefu wake, haizungumzi swala wala saumu. Inazungumza kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Hata biashara ya papo kwa papo, iliyosamehewa kuandikwa, imeagiziwa mashahidi. Na ya mpwa wangu haikuwa ya papo kwa papo, maana hati ilibaki deni.

Tena tumesimuliwa toka utotoni jinsi Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini mna unyevu ilhali juu ni kavu, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Kisa hiki huwa tunakisoma kwa upande wa muuzaji tu, ili tumlaumu. Mimi naona kina upande wa pili: mkono uliingizwa ndani. Haukuishia kutazama juu.

Basi mkono wa mnunuzi wa gari uingie wapi? Kwanza uingie katika rekodi za serikali. Kwa ada ndogo tu, Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, hutoa maelezo ya gari na jina la mwenyewe. Jina hilo lisipolingana na la kitambulisho cha anayekuuzia, simama hapo hapo. Ikiwa jina la mkopeshaji limo pamoja na lake, simama vile vile. Tangu sheria ya mwaka 2017 iko pia daftari ya dhamana za mali zinazohamishika, nayo yafaa kutazamwa. Kisha fedha zitoke siku ile ile umiliki unapohamishwa, si kabla.

Pili, namba za gari zisikupumbaze. Watu hulipa zaidi kwa sababu namba zinaanza na KD, wakadhani gari ni jipya. Namba huonyesha lilipoandikishwa Kenya, si lilipotoka kiwandani. Sheria yetu huruhusu gari lililotumika ng'ambo kuingia likiwa halijazidi miaka 8, kwa hiyo gari la namba za juzi huenda lilikuwa limekwisha kula miaka 7 Japani. Mwaka wa kutengenezwa umo katika hati, usome.

Tatu, na hapa nitakawia kidogo, gari linunuliwe kwa barabara litakayokwenda. Nakuru iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,800, na ukiifuata njia ya Eldoret kupitia Salgaa na Sachangwan unazidi kupanda mpaka Mau Summit. Gari lililoishi kisiwani likienda Nyali na kurudi halijapata kuulizwa swali gumu. Lipandishe Sachangwan: injini dhaifu itachemka. Literemshe: breki mbovu zitajisema zenyewe, na mteremko ule umekwisha zika watu wengi. (Watu wa bara nao hulikwepa gari la pwani kwa kuogopa kutu ya hewa ya chumvi chini ya bodi. Siwalaumu, wana haki.) Na gari la bara lina maradhi yake. Zile Toyota Probox zionekanazo kila pembe ya Bonde la Ufa ni magari mazuri, vipuri vyake vimejaa, kila fundi anazijua. Lakini nyingi zimebeba viazi vya Molo na makopo ya maziwa kwa miaka. Lala chini utazame springi kabla ya kusifu rangi.

Kuhusu bei, wako wanaosema heri kuagiza. Huenda, lakini toka mwaka 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35, na juu yake yako mengine, pamoja na VAT ya asilimia 16. Bei uionayo Japani si nusu ya safari. Na asiyekuwa na fedha taslimu, akiepuka riba, benki za Kiislamu zimekuwako nchini tangu 2008. Benki hulinunua gari, ikakuuzia kwa faida inayojulikana. Ni njia njema, ila faida hiyo nayo ihesabiwe mpaka shilingi ya mwisho, na usidhani kwamba kwa kuwa karatasi ni halali basi na gia ni nzima.

Mpwa wangu hajarudishiwa fedha zake hadi leo. Mwaka huu alinunua gari jingine, kuukuu zaidi, kwa shilingi 390,000. Alikwenda na fundi wake, mashahidi wawili na karatasi iliyoandikwa. Muuzaji alinuna, akasema hajapata kuona mnunuzi mwenye maudhi kama huyu. Fundi alikuta breki za nyuma zimekwisha, bei ikashuka kwa 15,000. Alipoulizwa ujira wake, fundi alitaka 1,500. Mpwa wangu alimpa 3,000.