Mbegu ya Maharage Nayo Ituhusu

Tukiongelea kilimo humu chuoni, stori huishia kwenye mbolea ya ruzuku na bei ya mahindi. Mbegu ya mikunde hatuigusi kabisa. Sisi tunaotoka mkoa wa Songwe ndio tungepaswa kupiga kelele zaidi.

Chukua Mbangala, wilaya ya Songwe. Mvua ikinyesha vizuri mkulima wa karanga anafurahi, lakini mvua hiyohiyo ndiyo inayoupa ukungu nafasi. Majani yanapata madoa, yanapukutika kabla punje hazijajaa, halafu mtu anasema zimewahi kukomaa. Hazijakomaa, zimeugua! Panda kuelekea Mbozi na Ileje, kwenye baridi, utakuta maharage yenye chule, madoa pembe na kutu. Chule hukaa ndani ya mbegu yenyewe, kwa hiyo anayechota mbegu kwenye gunia la chakula sokoni Tunduma huenda ananunua ugonjwa wa msimu ujao kwa hela taslimu.

Kuna dawa, ndiyo. Ila dawa inataka bomba, maji, hela ya kurudia kupiga, na mtu anayejua apige lini. Kwa ekari moja ya maharage hesabu hiyo mara nyingi haitoki. Mbegu yenye ukinzani mkulima anainunua mara moja, na kwa kuwa maharage, soya na karanga hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, anaweza kujiwekea mbegu misimu kadhaa. Hapo ndo kampuni nyingi zinapokosa hamu. Mteja wa mahindi chotara anarudi dukani kila mwaka, wa maharage harudi. Kazi inabaki kwa vituo vya umma na vyuo vikuu.

Na vyuo vinaweza. Kutu ya soya iliingia Uganda mwaka 1996 na kuzishinda mbegu zilizokuwa mashambani. Waliolivalia njuga ni Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia programu ya Profesa Phinehas Tukamuhabwa, na mwaka 2004 wakatoa Maksoy 1N, kisha nyingine zikafuata. Mwaka huohuo wa 2004 ndipo kutu hiyo ilipoonekana kwa mara ya kwanza Marekani bara. Yaani wenzetu wa jirani walikuwa na mbegu mkononi wakati taifa kubwa linaanza kushtuka.

Hapa nyumbani SUA walitoa SUA 90, baadaye Rojo. Uyole, pale Mbeya, wana Uyole 96, Uyole 03 na Njano Uyole. Naliendele ya Mtwara ilitoa karanga ya Pendo. Sayansi ipo, lakini haijamaliza kazi, maana kuvu hubadilika. Ukinzani unaotegemea jeni moja unaweza kuvunjwa na aina mpya ya kuvu, hivyo mtafiti hana siku ya kustaafu. Halafu kuna mlaji. Mbegu ikiwa ngumu kama chuma dhidi ya chule lakini rangi yake haitakiwi sokoni, au inamaliza kuni zote jikoni, mama hataipanda, na yuko sahihi. Bibi zetu waliochanganya maharage ya rangi tofauti shambani hawakuwa washamba. Mchanganyiko hupunguza kasi ya ugonjwa kuenea.

Ninachoomba ni kidogo. Wizara ya elimu ya serikali ya wanafunzi iongee na idara, ili baadhi ya tafiti za mwaka wa mwisho ziende kwenye kata kama Mbangala: kukusanya mbegu za kienyeji, kuuliza wapishi, kuhesabu madoa kwenye majani. Na fildi za wanakilimo zifike kwenye vikundi vinavyozalisha mbegu za kuazimiwa ubora, zile za QDS, ambazo mkulima wa kijijini anaweza kuzipata kwa jirani yake. Bajeti ya mwaka ujao wa masomo bado haijapitishwa. Nauli ya basi hadi Mkwajuni siyo hela ya kutushinda, tukilinganisha na tunazomwaga kwenye bonanza.