Anzeni na maktaba ya Python

Vijana mnaoandika programu hapa Kasulu, kabla ya kumaliza bando kupakua vifurushi vya watu msiowajua, fungueni maktaba inayokuja na Python yenyewe. Juzi nilikagua kazi ya kikundi kimoja cha wakulima Kibondo. Mwandishi wa programu yao alikata kila mstari wa data penye mkato, basi “maharage, ya njano” yakagawanyika katika safu mbili, na kilo zikaangukia kwenye safu ya bei! Moduli ya csv ya maktaba hiyo inazitambua alama za kunukuu, hivyo haikati penye mkato ulio ndani yake. Kwenye hesabu tumieni decimal, mkiipa namba kama maandishi. Kwa floti, 0.1 jumlisha 0.2 huleta 0.30000000000000004, na mkulima anastahili hesabu kamili. Mkikwama, help() hujibu hata mtandao ukikatika.