Adui wa Ghalani

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mkulima imekwisha siku ya kuvuna. Sivyo, maana mahindi yakiisha kuingia ghalani, adui mwingine huyangoja. Huyo ni dumuzi, mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Asili yake ni Marekani ya Kati. Mwaka 1981 alionekana Tabora, kisha akaenea nchini. Hutoboa mahindi na mihogo iliyokaushwa, na kuacha vumbi lisilolika.

Mkulima wa Kitai, huko Mbinga, akimwogopa mdudu huyu pasipo kumpinga, huuza mavuno upesi, wakati bei ni ndogo. Na miezi ya njaa ifikapo, hununua chakula kwa bei kubwa. Lakini mwenye kukausha vema, kupukuchua, kusafisha ghala na kutia dawa ya nafaka kwa kipimo chake, aweza kungoja. Wako wasemao ya kuwa dawa ni ghali. Na wahesabu magunia yaliyoliwa! Tena nafaka ikiwa nyingi sokoni, hata asiye na shamba hununua kwa nafuu.

Basi, debe lililookolewa ghalani ni sawa na debe lililovunwa, wala halingoji mvua.