Ufa Hauzibwi, Boriti Hubadilishwa

Leo naweka kando mambo ya programu niwaeleze habari ya samaki. Usihame bado. Ukifika mwisho utaona ni mambo yale yale.

Sebuleni kwangu hapa Nairobi, ghorofa ya tatu, nina tangi la kioo la kufugia samaki. Si lile bakuli la samaki mmoja. Lina urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60, na maji hufika sentimita 55. Piga hesabu: ni karibu lita 590. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo nina zaidi ya nusu tani ya maji juu ya vichwa vya majirani wa ghorofa ya pili. Ni mama na watoto wake wawili. Kila asubuhi tunasalimiana kwenye ngazi.

Juu ya tangi, katikati kabisa, kuna kipande cha kioo kinachokatiza kutoka upande wa mbele hadi wa nyuma. Mimi nakiita boriti, kwa sababu kazi yake ni kama ya boriti ya paa: kuzuia kuta mbili zisiachane. Mgeni akiliona tangi haioni boriti. Anaona samaki.

Siku moja nikisafisha niliona ufa kwenye boriti, umeanzia ukingoni ukaingia karibu nusu ya upana wake. Nilifanya nini? Nilichukua gundi ya haraka, ile inayogandisha vidole, nikaimimina kwenye ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaziba. Nikalala usingizi mzuri.

Siku tisa baadaye binti yangu akiwa anafanya kazi ya shule karibu na tangi akaniuliza, "Baba, mbona kioo kimenenepa?" Nikacheka. Kisha nikaenda kuchukua futi ya kupimia, na kicheko kikaisha. Pembeni mwa tangi upana ulikuwa sentimita 60 kamili. Katikati ulikuwa 60.8. Gundi ilikuwa imeachia, na ufa ulikuwa umevuka boriti nzima. Kuta mbili za kioo zilikuwa zinaachana polepole, na mtoto wangu amekaa mbele yake.

Sasa tuongee hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Nguvu ya maji kwenye ukuta hutegemea kina, wala haitegemei jinsi tangi lilivyo pana kwenda nyuma. Chukua nusu ya uzito wa maji kwa ujazo, zidisha kwa kina mara kina, kisha kwa urefu wa ukuta. Kwa tangi langu jibu ni karibu kilo 270 zinazosukuma kioo cha mbele, na nyingine kama hizo kioo cha nyuma, usiku na mchana. Sehemu kubwa hushikwa na sakafu ya tangi, kwa kuwa maji husukuma zaidi chini. Theluthi hivi huangukia ukingo wa juu, na kwa makadirio yangu boriti ya katikati peke yake hubeba kama kilo 50. Ni kama mtu mzima mwembamba anayening'inia pale bila kupumzika.

Ndiyo maana gundi ilishindwa. Boriti yangu ina upana wa sentimita 20 na unene wa milimita 12. Ukigandisha ufa, vipande viwili vinashikana kwa eneo la sentimita 24 za mraba tu, tena vinavutwa moja kwa moja kuachana. Gundi ile ni ngumu lakini ni kavu kama biskuti. Haijui kunyumbuka. Kila tangi likitikiswa kidogo, inakatika kidogo.

Na habari njema imo humo humo kwenye hesabu. Kwa kuwa kina kinazidishwa kwa chenyewe, ukishusha maji hadi nusu, nguvu haibaki nusu, inabaki robo. Kilo 270 zinakuwa chini ya 70. Usiku ule ule nilizima umeme wa kipasha maji (kikibaki hewani kikiwa moto hupasuka), nikatia mpira kwenye tangi na kuanza kutoa maji. Yalipofika nusu, katikati palisoma 60.1. Sikusukuma kitu. Kioo kilirudi chenyewe.

Rafiki zangu wawili wenye matangi walinishangaa. Wakasema, "Ungebandika tu kipande kingine juu ya ufa, maji yakiwa humo humo. Unasumbua samaki bure." Nawaheshimu, lakini nawapinga. Kipande ukikibandika wakati kuta zimeshatanuka, unazifunga zikiwa zimetanuka. Silikoni nayo hukauka polepole, kuanzia nje kuingia ndani, na muda wote huo ingekuwa inavutwa. Halafu samaki husumbuka zaidi sakafuni kuliko kwenye pipa.

Samaki wangu kumi na wanne, mbuna wa Ziwa Malawi, walihamia kwenye pipa la plastiki la lita 200 ambalo halijawahi kubeba kemikali. Niliwapa maji yao wenyewe ya zamani, pampu ya hewa, na sponji ya kichujio ikiwa bado mbichi. Sponji usiioshe kwa maji ya mfereji. Klorini itaua bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki, na utakuwa umetengeneza tangi ukapoteza samaki.

Fundi wa vioo aliniuliza kama kipande ni cha meza au cha dirisha. Nilipomwambia ni cha tangi alisaga kingo zote bila kuombwa, maana ufa hupenda kuanzia kwenye ukingo uliochomoka. Nilichukua kioo cha kawaida cha milimita 12. Kile kilichokaushwa kwa moto ili kiwe kigumu hakikatwi tena, ukikijaribu kinasambaratika.

Boriti ya zamani niliikata kwa wembe, nikakwangua silikoni yote iliyobaki, nikafuta kwa spiriti. Usiruke hatua hii: silikoni mpya hushika kioo vizuri sana, lakini haishiki silikoni iliyokauka. Nilitumia ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuvu. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuvu ni sumu kwa samaki. Boriti mpya inalalia vipande viwili virefu vya kioo vilivyo kwenye kingo za juu, sentimita 7 kila upande. Hiyo ni sentimita 140 za mraba kila mwisho. Linganisha na zile 24.

Nikangoja siku saba. Kisha nikajaza robo, nikapima, nikalala. Nusu, nikapima, nikalala. Robo tatu, hivyo hivyo. Leo tangi limejaa na katikati panasoma 60.1.

Lakini kazi haikuishia hapo, kwa sababu swali kubwa lilibaki: boriti ilipasuka kwa nini? Haikuwa mbovu. Mkosaji ni mimi. Kila nikibadilisha maji nilikuwa naweka ndoo ya lita kumi juu yake huku nikimimina. Boriti ilitengenezwa kuvutwa, nami niliigeuza rafu. Ningeweka boriti mpya bila kujiuliza swali hilo, ndoo ingerudi pale pale Jumamosi iliyofuata.

Hapo sasa ndipo tunaporudi kazini kwetu. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, seva ilikuwa inajaa kumbukumbu na kukwama. Mtu akaandika msimbo mfupi wa kuizima na kuiwasha kila saa tisa usiku. Ufa ukazibwa, tukapongezana. Hakuna aliyeuliza kumbukumbu inajazwa na nini, hadi mwisho wa mwezi kazi ilipozidi na seva ikakwama mchana kweupe, wateja wakiwa kwenye foleni. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopongezana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kitu kinachobeba mzigo hakitengenezwi kikiwa kimeubeba. Punguza mzigo, badilisha kilichovunjika, urudishe mzigo kidogo kidogo ukipima, halafu tafuta ndoo yako iko wapi. Methali ya ufa na ukuta ni nzuri kwa nyumba za udongo. Kwa kitu kinachozuia nusu tani ya maji, kuziba ufa ni kujificha usiuone.

Jirani wa chini nilimweleza yote baadaye. Alinyamaza kidogo, akaangalia dari yake, akaniuliza kama nimepima tena. Sasa napima kila Jumapili na kumwambia kipimo kwenye ngazi. Nawe ndugu msomaji, kama una tangi kubwa, nenda kaangalie boriti yake leo. Ukiona tofauti na mimi, niandikie tubishane.