Injini Kwanza, Rangi Baadaye



Miezi michache iliyopita alitujia ndugu mmoja baada ya sala ya alasiri, uso umemkunjuka kwa furaha. Yeye na mkewe, ambaye huamka kabla ya alfajiri kupika mahamri ya kuuza, walikuwa wamekusanya shilingi 400,000 kwa muda wa miaka mitatu ili wanunue gari dogo. Alikwisha kuliona Vitz jekundu, lang'ara, na muuzaji wake ni mtu tunayesimama naye safu moja msikitini. Alitaka twende tukaliombee dua. Tukamwambia: dua tutaomba, lakini na tuandamane kwanza na fundi.

Tulipofika tulikuta gari limekwisha kuwashwa. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa, akasema, "Tutarudi kesho asubuhi, na tafadhali lisiwashwe." Ndugu yetu alinung'unika, maana pesa alikuwa nazo mfukoni. Lakini maneno yale mafupi ya fundi ndiyo yaliyoilinda jasho ya miaka mitatu.

Anunuaye gari lililotumika, wasomaji wetu, hununua injini. Rangi, redio na viti ni mapambo. Basi la kwanza ni kujua aina ya injini. Vitz na Passo nyingi katika barabara zetu zina injini iitwayo 1KR-FE, yenye silinda tatu na ujazo wa sentimita 996. Hunywa petroli kidogo, na mtikisiko wake gari likiwa limesimama ni maumbile yake, si ugonjwa. Yatosha kwa shughuli za mjini. Lakini wakijaa watu watano na mizigo, kisha wakapanda kuelekea Mazeras, itatweta. Mwenye familia kubwa na aangalie 2NZ-FE ya sentimita 1,298 au 1NZ-FE ya sentimita 1,496, ambazo zina silinda nne na hupatikana katika Probox na baadhi ya Vitz. Hatusemi kwamba za kampuni nyingine ni mbovu. Twazitaja hizi kwa kuwa mafundi wetu wazijua, na vipuri vyake havitafutwi kwa tochi. Injini nzuri ambayo hakuna aijuaye mtaani kwako itakuwa mzigo siku itakapougua.

Injini zote tatu hizi hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Mkanda una muda wake wa kubadilishwa, na ukikatika waweza kuiharibu injini nzima. Cheni hudumu zaidi, lakini uhai wake ni oili safi. Aliyeacha kubadilisha oili kwa wakati ameila cheni hiyo kidogo kidogo, japokuwa gari lamfikisha kazini kila siku.

Ndiyo maana jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko jina la injini, ni kujua jinsi ilivyotunzwa. Usiitegemee mita ya kilomita peke yake, kwani yaweza kurudishwa nyuma. Iwashe injini ikiwa baridi. Sikiliza sekunde zile za mwanzo: mlio wa mnyororo unaogongagonga ni dalili ya cheni iliyolegea. Kisha tazama bomba la moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria maji yanayoingia ndani ya silinda. Na moshi mweusi ni petroli inayozidi kiasi. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama maziwa, huenda maji na oili vimechanganyika. Fungua rejeta ikiwa baridi, kamwe si ikiwa moto, utazame kama maji yake yana kutu. Sisi watu wa pwani tuna desturi mbaya ya kutia maji ya kisima chenye chumvi, nayo hula chuma kimyakimya mpaka siku ya joto kali na foleni ndefu. Mwisho, fundi awe wako, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ana mabwana wawili.

Asubuhi ya pili gari lile jekundu likawashwa likiwa baridi. Cheni iligonga, na moshi wa buluu ukapanda. Muuzaji akainamisha kichwa, akasema, "Sikumdanganya. Hakuniuliza."

Tulinyamaza kitambo kabla ya kumjibu, na sababu yake tutawaambia. Miaka iliyopita sisi wenyewe tuliuza gari tukijua kuwa linakula oili. Mnunuzi alituuliza habari za magurudumu, nasi tukamjibu habari za magurudumu. Hakupeleka fundi, kwa kuwa aliiamini kanzu yetu. Injini ilimfia njiani kabla ya mwaka kwisha. Tulimwendea, tukamlipa gharama ya matengenezo kwa mafungu, akatusamehe. Lakini kila tunapomwona twakumbuka.

Kwa hiyo tulimjibu ndugu yetu kwa kumsimulia hayo, kisha tukamkumbusha habari ya Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta unyevu chini yake, akamkaripia mwenyewe kwa kuuficha.  Wanavyuoni wametufundisha kwamba muuzaji ni wajibu aitaje aibu anayoijua, na mnunuzi akigundua aibu iliyofichika iliyokuwapo kabla ya mauzo ana hiari ya kurudisha mali. Wala wajibu huo si wa muuzaji peke yake: dalali, fundi na jirani ajuaye, naye pia na aseme.

Biashara ile haikufungwa. Muuzaji alilipeleka gari kutengenezwa, na tumesikia kwamba sasa humwonyesha mteja likiwa baridi na kumtajia yote yaliyofanywa. Ndugu yetu naye alipata jingine, la kijivu, rangi imefifia mlango mmoja, injini yake yanguruma kwa utulivu. Mkewe hulijaza ndoo za mahamri kila alfajiri. Wakati huo ndipo tulipokwenda kuliombea dua.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika tunavyonunua, na atupe ulimi wa kweli katika tunavyouza. Wabillahi tawfiq.