Wapagazi Walio Ndani ya Mwili

Msomaji mpenzi, wewe ukaaye Goweko na kusikia treni ikipita kwenda Tabora, wajua habari za wapagazi. Kabla ya reli, babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe na nguo kati ya Tabora na pwani. Leo nakueleza wapagazi wengine, wadogo wasioonekana kwa macho.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Seli za aina nyingi zina kiini, mfano wa boma lenye malango. Ndani yake zimo amri za kukua, na wamo walinzi wasemao, “Basi, imetosha.” Wapo pia wapagazi watoao mizigo nje, mmoja huitwa eksipotini. Katika saratani nyingi kali wapagazi hao wamezidi, nao huwabeba walinzi na kuwatoa nje. Boma likikosa mlinzi, seli huzaana ovyo. Dawa iitwayo selineksori humfunga mpagazi huyo mikono. Marekani waliikubali mwaka 2019 kwa myeloma, saratani ianzayo ndani ya mifupa.

Lakini, baba na mama, dawa hiyo siyo ya mtoto mwenye saratani ya taya. Kwake kosa li ndani ya boma lenyewe: amri ya kukua imehamishwa mahali pake, wala hainyamazi. Daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe huo mwaka 1958. Mwaka 1961 akasafiri kwa motokaa yapata maili 10,000, akiulizia hospitali kwa hospitali. Uvimbe huo waweza kuwa maradufu kwa siku mbili hivi. Bali kwa kuwa seli zake hukua upesi, dawa huziua upesi vilevile. Watoto wengi wamepona kwa dawa za tangu zamani, kama saiklofosfamidi.

Basi, hatari ni kukawia. Usiseme, “Ni jino tu.” Meno ya mtoto yakilegea na taya kuvimba, au tumbo likivimba, usimzungushe kwa mganga huyu na yule. Mpeleke zahanati leo, uombe barua ya hospitali. Toka Tabora njia yaenda Mwanza, kwenye hospitali ya Bugando, ambako saratani hutibiwa. Nauli ni nzito, najua. Uza mbuzi. Mbuzi atazaliwa mwingine.