Nani Huitika kwa Jina la Kenya?

Msomaji, kila usiku sauti za watu hupita juu ya paa la nyumba yenu, na baadhi ya sauti hizo zalitaja jina la nchi yako. Kila nchi duniani imepewa alama zake za kujitambulishia hewani. Kenya ilipewa 5Y na 5Z. Uganda ikapewa 5X. Tanzania ikapewa 5H. Ukitazama ndege ya Kenya inayotua katika kiwanja kidogo cha Migori, utaona 5Y imeandikwa ubavuni mwake. Alama ya 5Z4 ni ya watu wa redio ya ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kupeleka na kupokea sauti kwa mitambo yao wenyewe, si kwa mshahara wala kwa biashara, bali kwa kuipenda elimu ya kazi hiyo na kwa kutaka kujuana na wenzao walio mbali. Mwenye jina hilo akiita usiku kutoka Suna aweza kujibiwa na mtu wa Japani, wa Brazili au wa Ufini. Ninalotaka kuligombea katika kurasa hizi ni jambo moja: kwa miaka mingi sauti zilizolitaja jina letu hewani zimekuwa aghalabu sauti za wageni, na sisi tumeridhika.

Sisemi kwamba wageni wametuibia. Mwizi huchukua kitu kilichofungiwa. Hiki tulikiacha uani na mvua ikakinyeshea.

Nimewajua wageni wa namna hii, na wengi wao ni wazee: mhandisi aliyestaafu, daktari wa misheni, mwalimu aliyekuja kwa miaka miwili akakaa thelathini. Maisha yao kwetu hayana ajabu. Asubuhi mzee huenda sokoni kununua omena na ndizi kama watu wengine; huuliza bei kwa Kiswahili kinachochechemea; huugua malaria; hugombana na fundi wa bomba; watoto wa jirani humwita odiero, naye huitikia. Lakini ugeni ni ugeni. Jua likishatua, jirani zake wamezungukwa na wake, waume, wajukuu na mashemeji, naye amezungukwa na ukimya. Ndipo huketi mbele ya mtambo wake, huvaa visikizio masikioni, na kuita. Huita kwa herufi mbili tu, CQ, ambazo maana yake ni: yeyote anisikiaye na anijibu. Wazee wetu wa Suna, Wajaluo kwa Wakuria, waliijua sana desturi hiyo. Ng'ombe walipoibwa ilipigwa nduru; aliyeisikia kilima cha pili aliipokea akaipeleka kilima cha tatu. CQ ni nduru isiyo na msiba.

Sasa fikiri jambo hili. Huko kwao, pengine Leeds, pengine Ohio, mzee huyu alikuwa mmoja katika maelfu. Alipoita, alijibiwa na wawili watatu kwa adabu tu. Hapa Suna akiita, watu hukimbilia kumjibu kwa mara moja, wakikanyagana hewani kama abiria wanaogombea matatu ya mwisho ya kwenda Isebania. Je, amezidi busara kwa kuvuka bahari? La. Wanachokigombea ni 5Z, kwa kuwa ni adimu kusikika. Wako watu duniani wanaozikusanya nchi kama mtoto anavyokusanya stempu. Kila mazungumzo huthibitishwa kwa kadi yenye jina la hewani, tarehe na saa, na kadi ya kutoka Kenya hutundikwa ukutani. Mzee hutumia utajiri ambao si wake. Ni wako, msomaji, nawe umelala.

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa padre Marshall Moran, Mjesuti aliyezaliwa Chicago, aliyefungua shule Godavari katika nchi ya Nepali mwaka wa 1951. Jina lake la hewani lilikuwa 9N1MM. Kwa miaka mingi mtu wa redio aliyetaka kuizungumza Nepali alimzungumza yeye, kwa maana karibu hapakuwa na mwingine. Alifariki mwaka wa 1992, akaliliwa na watu wa mataifa mengi ambao hawakupata kuuona uso wake. Namheshimu padre yule, na wanafunzi wake walibahatika. Lakini taifa zima kujulikana hewani kwa koo la mzee mmoja wa Chicago ni jambo la kutazamwa mara mbili. Wapenzi wa redio mwenzao akifa husema kwamba kidude chake cha kupigia Morse kimenyamaza. Basi na huko Suna, siku mzee wa kigeni atakaponyamaza, hewa ya Suna itanyamaza pamoja naye?

Wako watakaosema, "Na inyamaze! Huo ni mchezo wa Wazungu wazee." Neno hili lina asili yake. Wakati wa ukoloni, jina la hewani la Kenya lilipokuwa VQ4, kazi hii ilikuwa hasa ya masetla, maofisa na wamisionari. Mwafrika alikaribishwa kuchimba shimo la nguzo ya antena. Lakini tangu lini kitu kikawa cha kudumu cha yule aliyetutangulia kukishika? Mpira wa miguu nao waliuleta wageni, na sijamsikia mtu wa Migori akiukataa kwa sababu hiyo. Mfalme Hussein wa Yordani, aliyefariki mwaka wa 1999, alikuwa mtu wa redio, jina lake JY1. Rajiv Gandhi, aliyekuwa waziri mkuu wa India, naye alikuwa mmoja wao.

Na kutoka India hiyohiyo kuna habari inayonipendeza zaidi. Mwezi wa Desemba 2004 mwanamke aitwaye Bharathi Prasad aliongoza kundi la wenzake mpaka Port Blair, katika visiwa vya Andaman, ili kuita kutoka mahali ambapo palikuwa pamenyamaza kwa miaka mingi. Kwa macho ya mtu mzito wa moyo hiyo ilikuwa safari ya kupoteza fedha. Tarehe 26 ya mwezi huo tsunami ikavipiga visiwa vile. Simu zikafa. Mtambo wa mama yule, uliokwenda kwa ajili ya mchezo, ukawa ndio mdomo wa watu: huyu yu hai, yule hajaonekana, tunahitaji hiki na hiki, na jamaa waliokuwa bara wakapata habari za ndugu zao. Basi yaiteni michezo, ikiwa mnapenda, lakini nionyesheni mchezo mwingine unaofanya hivyo.

Dharau hii ina historia ndefu. Mwaka wa 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi mafupi, yaani ya mita 200 kushuka chini, kwa kuwa wakubwa waliamini kwamba mawimbi hayo hayafai kwa safari ndefu. Waliotupiwa makombo hawakulia. Waliyajaribu usiku baada ya usiku kwa vyombo walivyojiundia wenyewe, na mwezi wa Novemba 1923 Mfaransa Léon Deloy, akiwa mjini Nice, alizungumza kwa Morse na Wamarekani Fred Schnell na John Reinartz, huku na huku ng'ambo ya Atlantiki. Ikadhihirika kwamba wimbi lililotupwa ndilo lendalo mbali. Hupanda mpaka tabaka za juu za anga ambazo jua limezitia umeme, kilomita mia na zaidi kutoka ardhini, likarudishwa chini kama mpira unaodunda dari, likapanda tena. Kisha serikali zilezile zilikuja mbio. Babu yako aliyeanza kusikiliza BBC kwa Kiswahili mwaka wa 1957, sikio kwenye redio na mkono ukiwanyamazisha watoto, alikuwa akila shamba lililolimwa na watu wa mchezo.

Pingamizi la simu nalisikia kila siku darasani, katika chuo cha ualimu ninachofundisha. "Mwalimu, tuna simu, tutaitaka redio kwa nini?" Simu ni kitu kizuri, nami ninayo. Lakini ukiitumia simu unapanda gari la mwenzako: mnara si wako, waya si wako, nauli hulipwa kila siku, na njia yake hukuonyeshwa. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika, na mtandao wa Kenya na wa jirani zake ukadorora kwa siku kadhaa. Nani katika Suna aliyejua kwamba ujumbe wake hupita chini ya maji? Mtu wa redio huijua njia ya sauti yake. Huendesha mtambo wake kwa betri ya gari ya volti 12 stima inapopotea, na stima yetu hupotea bila kuaga. Hujua kwamba mwaka wa 2024 jua lilitangazwa kufika kilele cha mzunguko wake wa miaka kama 11, kwa sababu kilele hicho humfikisha mbali zaidi. Hujua urefu wa waya wake: agawanye 143 kwa megaherzi anazozitaka, akitaka 14, apate mita kumi na ushei, aukate katikati, aufunge baina ya miti miwili. Wewe umezikariri kanuni za mawimbi kwa ajili ya mtihani. Umepata kuliona wimbi likikufanyia kazi hata mara moja?

Liko pia neno la upelelezi, ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Waya mrefu ukionekana juu ya nyumba ya mgeni, kijiji hunong'ona. Nitajibu kwa ufupi. Sheria za kimataifa zinamkataza mtu wa ridhaa kuficha maana ya maneno yake kwa mafumbo ya siri anapozungumza na nchi nyingine. Asemayo husikika na yeyote mwenye redio ya kufaa. Jina lake la hewani hulitaja mara kwa mara, na leseni yake hapa kwetu hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Jasusi gani hutaja jina lake kila baada ya dakika chache?

Lakini kinachonikera zaidi si kijiji, ni sisi walimu. Kijana mmoja niliyemfundisha, akiwa bado sekondari, alijiundia redio ndogo ya kupokea kwa vipande alivyovitoa katika redio mbovu za sokoni. Usiku mmoja akausikia mnara wa 5Z4B. Huo ni mmoja wa minara 18 iliyotawanywa duniani, ambayo kila mmoja huita kwa sekunde kumi kwa zamu, kwanza kwa wati 100, kisha kwa 10, kisha kwa 1, kisha kwa sehemu ya kumi ya wati, ili asikiaye apime njia za anga zilivyo saa ile. Mtoto wa Suna ameisikia nchi yake ikijitaja kwa Morse, ameielewa! Mkuu wa shule yake alimwambia aifungie sandukuni mpaka mtihani wa mwisho. Aliifungia. Mtihani ulipokwisha hakuifungua tena.

Mwisho wa maneno yao yote ni fedha. Ni kweli, mtambo mzuri wa kupeleka na kupokea haununuliwi kwa bei ya kuku. Jozi ya visikizio, nyaya na mtambo wenyewe zaweza kufika bei ya ng'ombe wa maziwa. Hakuna mwanafunzi wa kuutoa mfukoni, wala simwombi autoe. Namwomba aende kwa mzee wa kigeni aketi kando yake, maana wazee hawa hupenda kuulizwa kuliko wanavyopenda chai. Na kuziomba shule tatu nne za Suna zishirikiane kununua mtambo mmoja, wenye jina moja la hewani, la kikundi chao. Wazazi watasema hawana. Nami nimehudhuria matanga ya hapa kwetu. Nimeona watu haohao wakichanga kwa jioni moja fedha za kukodi vipaza sauti virefu kama milango, pamoja na jenereta na fundi wake, vikanguruma tangu magharibi mpaka jogoo. Sauti yake husikika mpaka ng'ambo ya Mto Migori, na kulipopambazuka mwenye vyombo huja na gari kuvichukua.